JE, NIA NJEMA YATOSHA?
Juu ya kuwafundisha kazi wanaojitolea katika vyama vya kheri

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad, rehema na amani zimshukie yeye na jamaa zake na sahaba zake, swali linalofafanuliwa katika kurasa hizi ni hili: Mtu aliyejitolea kufanya kazi ya kheri pasipo ujira, je, yafaa kudaiwa ujuzi wa kazi ile kama adaiwavyo aliyeajiriwa? Au nia yake njema yamtosha, na kumtaka zaidi ya hiyo ni kumdhulumu yeye na kuwavunja moyo wengine?

Swali hili si la kubuni. Hapana mtaa wa Kiislamu katika mwambao huu, tangu Lamu mpaka Kilwa, wala katika visiwa vya Unguja na Pemba, usiokuwa na watu waliojikusanya kwa ajili ya jambo la kheri. Huku pana chama cha kuzikana, kule pana kamati ya msikiti. Hapa pana chuo cha watoto, na pale pana jamaa wanaowatazama mayatima na wajane. Na wengi wa wanaoziendesha kazi hizi hawapokei hata senti moja. Ni wavuvi, wachuuzi, mafundi, na makarani waliostaafu, wanaoacha raha zao baada ya Alasiri au baada ya Isha wakaenda kuwatumikia wenzao. Lau si wao, maiti wasio na jamaa wangekosa wa kuwaosha, na watoto wengi wangekua bila ya kuijua Fatiha. Kwa hivyo mwenye kuuliza habari za ujuzi wao apaswa aulize kwa adabu, akijua ya kuwa aongea juu ya watu bora wa mitaa yao.

HOJA ZA WASEMAO KUWA NIA YATOSHA

Neno lisikikalo mara nyingi katika mabaraza ni hili: “Huyu amejitolea, msimwulize.” Na wenye kulisema wana hoja tatu zisizofaa kupuuzwa.

Ya kwanza, wasema kuwa dini yetu imeweka amali zote juu ya nia, na hadithi ya jambo hilo ndiyo aliyoitanguliza Imamu Bukhari katika kitabu chake. Basi mtu ambaye nia yake imesafika, wa nani tena wa kumpima?

Ya pili, wasema kuwa anayetoa wakati wake bure hana mkataba na mtu. Aliyeajiriwa amechukua fedha, kwa hivyo adaiwa kazi iliyo kamili. Aliyejitolea hakuchukua kitu, basi alichokifanya chote ni fadhila, na fadhila haidaiwi.

Ya tatu, wasema kuwa masharti yakizidi watu watakimbia. Leo yuko mmoja anayekubali kushika mfuko wa chama. Kesho akiambiwa akae darasani afundishwe hesabu, ataurudisha mfuko, na chama kitakufa.

Hoja hizi ndizo zilizowafanya watu wengi wenye akili kunyamaza hata pale walipoona mambo yaharibika. Basi na zitazamwe moja moja.

NIA NI YA MJA NA MOLA WAKE, KAZI YAMWANGUKIA MWENGINE

Ama hoja ya nia, ni kweli isiyo na shaka kuwa thawabu hufuata nia. Lakini kila kazi ya kuwatumikia watu ina hesabu mbili. Hesabu ya kwanza ni baina ya mtenda na Mola wake, na humo nia ndiyo shina. Hesabu ya pili ni baina ya mtenda na yule aliyetendewa: mtoto aliyefundishwa, maiti aliyeoshwa, yatima aliyewekewa mali yake. Huyu wa pili haioni nia. Yeye hupata nafuu au madhara kwa kadiri ya kazi ilivyofanywa.

Mfano wake ni nahodha anayewapakia watu katika jahazi lake bila ya nauli, kwa kutaka radhi za Mungu. Hapana shaka ana thawabu. Lakini bahari haiulizi nauli. Ikiwa haujui mwamba wala maji mafu na bamvua, wala hajui kusi ikivuma jahazi lielekezwe wapi, atawazamisha abiria wake wa bure sawasawa na vile ambavyo angewazamisha waliolipa. Na abiria yule, kwa kuwa hakulipa, hakuiuza haki ya roho yake.

Na hili ndilo walilolishika wanazuoni wa sharia. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Nasai na Ibn Majah, Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa mwenye kuwatibu watu hali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, huyo hudhamini madhara yatokayo mkononi mwake. Na atazamaye vizuri ataona kuwa hadithi ile haikuuliza kama mtibu alichukua ujira au hakuchukua, wala kama nia yake ilikuwa njema. Yaliyotazamwa ni mambo mawili: je, alikuwa na ujuzi, na je, pametokea madhara?

Hapa hoja ya pili nayo yajibiwa. Mwenye kujitolea hana mkataba wa ujira, ni kweli. Walakini ana mkataba wa amana. Tangu siku ile aliposema “nitaishika kazi hii”, watu wengine waliacha kuitafutia mtu, wakamtegemea yeye. Fadhila yake ilikuwa katika kukubali. Akisha kukubali, kuitenda vizuri si fadhila tena, bali ni haki ya wanaomtegemea.

MIFANO MITATU KATIKA MAISHA YA PWANI

Mfano wa kwanza ni wa ufukweni. Mtu azama, vijana wajitosa kwa ushujaa wakamtoa. Baadhi yao humwinamisha au kumning'iniza miguu juu kichwa chini ili maji yatoke tumboni. Dakika zapita hali wanamtikisa. Na wajuzi wa uokozi wamethibitisha kuwa kitendo hicho hakina faida, kwani linalomwua aliyezama ni kukosa hewa, na ubongo ukikosa hewa dakika chache huanza kuharibika. Lipasalo ni kumlaza chali, kuifungua njia ya pumzi zake, na ikiwa havuti pumzi kumpulizia kinywani pasipo kuchelewa, na kumkandamiza kifua kwa mapigo ya mfululizo hali msaada waitwa. Ujuzi huu hufundishwa kwa siku moja au mbili. Vijana wale hawakupungukiwa na ushujaa wala na huruma. Walipungukiwa na siku moja ya kufundishwa.

Mfano wa pili ni wa waosha maiti. Kazi hii ni miongoni mwa kazi zenye heshima kubwa, na wahenga wamesema kuwa muosha naye huoshwa. Mwezi wa Agosti mwaka 2015 kipindupindu kiliingia Dar es Salaam, kisha kikaenea mahali pengi hata kikafika Unguja. Na maiti aliyekufa kwa maradhi hayo, uchafu utokao mwilini mwake waweza kuwaambukiza waliomwosha, na wao wakawaambukiza wengine kwa kushika chakula cha matanga kabla mikono haijasafishwa kwa dawa. Na mwaka 2020 maradhi ya korona yalipoenea ulimwenguni, waosha maiti walikuwa hawana budi kujua lini maiti ataoshwa na kwa kinga gani, na lini wanazuoni wameruhusu kutayamamishwa. Mwoshaji anayejua fiqhi ya josho lakini hajui kujikinga, aweza kutimiza fardhi moja na papo hapo akavitia nyumbani mwake vifo vingine.

Mfano wa tatu ndio ulio mzito zaidi kwa kuwa ni wa kila siku, nao ni wa mweka hazina. Chama cha kuzikana hukusanya michango: ya sanda, ya ubao, ya wachimba kaburi, ya gari. Mweka hazina ni mtu mwaminifu, ajulikanaye kwa kuswali safu ya mbele. Fedha hupewa mkononi msikitini, naye akazitia mfukoni pamoja na fedha zake. Siku ya haja huzitoa, na pengine huongeza za kwake zikipungua, wala haandiki, kwani kuandika kwaonekana kama kujishuku. Miaka yapita namna hiyo. Kisha mauti yamfika. Warithi wafungua kasha wakakuta fedha, wala hawajui zipi za marehemu na zipi za chama. Chama chadai kiasi kikubwa. Warithi wasema baba yao ndiye aliyekuwa akikidai chama. Hapana daftari la kuamua. Na baada ya mwezi mmoja, mtu yule aliyetumikia watu nusu ya umri wake atajwa barazani kama mwizi, wala hawezi kujitetea.

Wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na Mwenyezi Mungu katika aya ya deni, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, ameamrisha deni la muda liandikwe, likiwa dogo au kubwa, na washuhudie mashahidi. Wala hakusema kuwa amri hiyo ni kwa watu wasioaminiana peke yao. Maandishi ni ngao ya mwaminifu kabla ya kuwa kamba ya mkhaini.

Na laiti mtu yule alifundishwa mambo manne tu. Kwanza, kila fedha iingiayo itolewe stakabadhi yenye kipande kinachobaki kitabuni. Pili, fedha za chama zisikae nyumba moja na fedha za mtu, bali ziwekwe benki, na zisitoke ila kwa sahihi za watu wawili. Tatu, kila mwezi daftari lisomwe mbele ya kamati. Nne, kila mwaka hesabu itazamwe na mtu ambaye hakuzishika fedha zile kwa mkono wake. Haya yote hufundishika kwa jioni chache. Basi asiyemfundisha hakumhurumia kama alivyodhani, bali amemwacha atembee usiku bila taa kisha akamlaumu kwa kujikwaa.

NGUVU NA AMANA

Katika kisa cha Nabii Musa (a.s.) huko Madyan, binti wa yule mzee alimpa baba yake shauri la kumwajiri Musa, akataja sifa mbili za mtu bora wa kuajiriwa: awe na nguvu, na awe mwaminifu. Na Nabii Yusuf (a.s.) alipotaka kuwekwa juu ya hazina za Misri, hakujisifu kwa nasaba yake tukufu wala kwa unabii wake, alitaja kuwa yeye ni mwenye kuhifadhi na mwenye kujua. Sifa mbili tena: uaminifu wa kuhifadhi, na elimu ya kazi. Wanazuoni wamefasiri kuwa nguvu ya kila kazi ni kwa kadiri ya kazi yenyewe: nguvu ya vita ni ushujaa na maarifa ya silaha, na nguvu ya hukumu ni elimu ya sharia. Basi nguvu ya mweka hazina ni hesabu, na nguvu ya mwalimu wa watoto ni kujua namna mtoto anavyofahamu.

Na habari ya Abu Dharri (r.a.) yatosha kumaliza ubishi. Sahaba huyu alikuwa katika wakweli wa ndimi na wenye zuhudi kubwa. Alipomwomba Mtume (s.a.w.) ampe utawala, Mtume alimgusa begani akamweleza kuwa yeye ni dhaifu na kazi ile ni amana, nayo Siku ya Kiyama ni hizaya na majuto ila kwa aliyeichukua kwa haki yake. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Muslim. Udhaifu uliotajwa si wa imani wala wa nia. Ni wa kuiweza kazi ile. Ikiwa nia ya Abu Dharri haikutosha mahali pa ujuzi, ni nia ya nani itakayotosha leo?

NI JUU YA NANI KUFUNDISHA?

Hata hapa mtu aweza kudhani kuwa lawama zote zimwangukie aliyejitolea. Sivyo. Wengi wa wanaojitolea hawakujipenyeza katika kazi. Waliitwa, wakasukumwa, wakapigiwa makofi. Aliyemchagua mtu akamkabidhi kazi hali ajua kuwa haijui, kisha asimfundishe, huyo ndiye wa kwanza kuulizwa. Na Imamu Ghazali katika Ihya amehesabu utabibu na hesabu kuwa ni fardhi kifaya, kwa kuwa mambo ya umma hayasimami bila ya elimu hizo. Mji wote ukikosa mwenye kuzijua, mji wote huingia katika dhambi. Kwa hivyo kuwapatia watumishi wa vyama ujuzi wa kazi zao si jambo la hiari la kamati, bali ni deni la mtaa mzima.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe alifanya hivyo. Baada ya vita vya Badri, baadhi ya mateka waliojua kuandika na wasiokuwa na fedha walifanya fidia yao kuwa kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Na alimwamrisha Zaid bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi kwa ajili ya barua zake, naye akajifunza kwa muda mfupi. Yaani haja ya umma ilionekana kwanza, kisha akachaguliwa mtu afaaye, kisha akapewa nafasi ya kujifunza. Hiyo ndiyo tartibu.

Na katika pwani hii hii pana mfano uliokaribu. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Mombasa waliona kuwa watoto wao wachelewa nyuma skulini, na wazee wengi wawapenda watoto waanzie chuoni, wapate dini yao. Waliomba msaada kwa Aga Khan, na mwaka 1986 Taasisi yake ikaanza kazi hiyo ikiongozwa na Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa. Lililofanywa kwanza lilikuwa kufundisha watu. Wakachukuliwa wanawake wa mitaa ile ile, wengi wao vijana waliomaliza skuli na wasio na kazi, wakafundishwa namna ya kumlea na kumsomesha mtoto mdogo: Kurani na adabu pamoja na hesabu, lugha na michezo, kwa kutumia vitu vya karibu kama makombe ya pwani na vifuu vya nazi. Na hawakuachwa baada ya darasa. Wakufunzi waliwafuata vyuoni mwao, wakatazama, wakasahihisha, wakarudi tena.

Na jambo la pili, ambalo wanaume wa kamati wapaswa kulizingatia, ni kuwa kamati za mitaa nazo zilifundishwa: kuweka hesabu, kukusanya ada, kuitunza nyumba ya chuo, na kukutana na wazee. Kwani ilidhihirika kuwa mwalimu hodari chini ya kamati isiyojua kazi yake hadumu. Mpango ule ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa watoto waliosoma katika vyuo hivyo walipata maendeleo makubwa kuliko waliobaki nyumbani, na kuliko wa skuli nyingine za watoto zilizolinganishwa navyo. Wanawake wale kabla ya kufundishwa walikuwa na mapenzi yale yale kwa watoto. Kilichoongezwa ni ujuzi, na ujuzi ukayazalisha mapenzi yao.

JE, YAJUZU KUTUMIA MALI YA SADAKA KWA MAFUNZO?

Hapa ndipo penye uzito wa swali, na ndipo panapowagawa watu wema. Mzee mmoja katika kamati husema: “Fedha hizi watu wamezitoa kwa ajili ya mayatima. Vipi tuzitumie kumsomesha karani? Yatima hali hesabu.” Na neno hili ni la mcha Mungu, lastahili jawabu la haki.

Jawabu ni kuwa mafakihi wamekwisha kulipitia jambo mfano wa hili katika mlango wa wakfu. Nyumba ikiwekwa wakfu ili kodi yake wapewe mafukara, jambo la kwanza kutolewa katika kodi ni matengenezo ya nyumba, kabla fukara hajapewa chochote. Kwani fukara akila kodi yote na paa likaanguka, mwaka ujao yeye ndiye atakayelala na njaa. Basi watumishi wa chama ni paa lake na nguzo zake. Na katika zaka, Mwenyezi Mungu ameweka fungu la wenye kuitumikia pamoja na mafungu ya mafukara na masikini, na mafakihi wakashurutiza kuwa mtumishi wa zaka aijue fiqhi yake. Hii yaonyesha kuwa gharama ya kuifikisha sadaka ipasavyo ni sehemu ya sadaka, wala si wizi juu yake.

Lakini jawabu hili lina mipaka mitatu. Mpaka wa kwanza ni sharti la mtoaji. Aliyetoa fedha akasema “hizi ni za chakula cha yatima fulani”, fedha zake hazigeuzwi hata kwa jambo lililo bora. Kwa hivyo yapasa chama kiwaambie watoaji mapema na waziwazi kuwa sehemu ya mchango yatumika kuwafundisha watumishi, ili anayetoa atoe hali ajua. Mpaka wa pili ni kadiri. Mtumishi wa zaka kwa madhehebu ya Shafii hupewa ujira wa mfano wa kazi yake, hazidishiwi. Na mafunzo nayo yasizidi haja. Mpaka wa tatu ni ukweli wa mafunzo yenyewe. Zimetokea semina ambazo watu hukusanywa katika ukumbi wa hoteli, wakanywa chai, wakapokea posho, wakatia sahihi, wakarudi makwao wala daftari la chama halikubadilika hata mstari mmoja. Hayo si mafunzo. Alama ya mafunzo ya kweli ni kuwa kazi ya kesho yatofautiana na kazi ya jana.

Na wazee waliotangulia hawakuona taabu kutoa mali kwa ajili ya ujuzi. Chuo cha Elimu ya Waislamu cha Mombasa, kilichofungua milango yake mwaka 1951 kuwafundisha Waislamu wa Afrika ya Mashariki kazi za ufundi, kilisimama kwa michango ya Sultani wa Zanzibar na ya Aga Khan na ya Serikali ya Uingereza, miongoni mwa wengine. Nacho baada ya mabadiliko mengi kikawa chuo kikuu cha ufundi mwaka 2013. Waliotoa hawakumlisha mtu siku ile. Lakini ni wangapi waliojilisha wao na watu wao kwa ufundi walioupata humo?

HOFU MBILI ZILIZOBAKI

Hofu ya kwanza ni kuwa aliyefundishwa ataondoka. Ataijua hesabu, kisha ataajiriwa dukani au afisini na kukiacha chama. Jambo hili hutokea, wala hapana haja ya kulikanusha. Lakini mwenye hofu hii na ajiulize ni lipi baya zaidi: kufundisha mtu akaondoka, au kutomfundisha akabaki? Wa kwanza ameondoka na elimu yenye manufaa, na elimu inayonufaisha ni katika amali tatu ambazo Mtume (s.a.w.) ametaja kuwa hazikatiki baada ya mauti, kila atakapoitumia, waliomfundisha wana fungu lao. Wa pili amebaki, na kila siku ya kubaki kwake madhara yazidi. Na dawa ya hofu hii ni kutomfundisha mmoja peke yake. Wafundishwe wawili au watatu kwa kila kazi, na kila mwenye kujua apewe wa kumrithi. Chama kinachokufa kwa kuondoka mtu mmoja kilikuwa kimekwisha kuugua zamani.

Hofu ya pili haitamkwi, nayo ni haya ya wakubwa. Mtu aliyeketi kitini miaka ishirini aona fedheha kuketi chini mbele ya kijana ajuaye daftari au mashine. Na amkumbuke Nabii Musa (a.s.): alikuwa Mtume, msemezwa na Mola wake, naye alifunga safari mpaka akutaniko la bahari mbili ili ajifunze kwa mja asiyekuwa na umma wala kitabu, akamwomba kwa unyenyekevu amfuate. Na Umar (r.a.) alikuwa akimketisha Ibn Abbas, hali kijana, pamoja na wazee waliopigana Badri, wala wazee wale hawakupungua cheo chao. Kijana naye ajue adabu: amfundishe mzee kama mwana ampavyo baba yake mkono wa kuvukia, wala asimcheke.

Na hii yajibu hoja ya tatu iliyotajwa mwanzo, kuwa watu watakimbia masharti. Wanaokimbia kufundishwa ni wachache kuliko wanaokimbia aibu. Vijana wengi wenye uwezo hawaingii katika vyama kwa kuwa wameona waliotangulia walivyomalizikia katika lawama. Wakiona kazi ina mpango, ina wa kuifundisha, na heshima ya mtu yahifadhiwa kwa maandishi, watakuja.

Yabaki swali la mtu mwema ambaye amefundishwa akashindwa. Huyu asitupwe, wala asiachwe pale pale kwa kumwonea haya. Mtume (s.a.w.) hakumwacha Abu Dharri aingie katika utawala kwa kumwonea haya, wala hakumfukuza katika mapenzi yake; alimwambia ukweli hali mkono wake u juu ya bega lake. Asiyeiweza hesabu huenda akawa ndiye mbora wa kuwazuru wagonjwa, au wa kuamsha watu Alfajiri, au wa kusuluhisha waliogombana. Na aambiwe faraghani, na mtu ampendaye, kabla fedha hazijapotea wala jina lake halijavunjika.

Kwa ufupi, nia njema ni sharti la thawabu, wala si badala ya ujuzi. Mwenye kujitolea adaiwa kuijua kazi aliyoikubali. Na waliomkabidhi kazi wadaiwa kumfundisha kabla ya kudai kwake. Kila kamati ikutanapo na itazame kazi zake moja moja, iulize: ni nani aishikaye hii, nani alimfundisha, na akifa usiku huu nani aijuaye? Penye jawabu na wamshukuru Mungu. Pasipo na jawabu, hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kununua zulia jipya la msikiti.

Mwenyezi Mungu awajazi kheri wenye kuwatumikia waja wake, azitakase nia zao, na azitie nguvu mikono yao. Wallahu aalam.